Dakika Moja ya Mama Mkunga

Nilimchukia kocha tangu siku aliyotuondolea viti. Sifichi. Shirika letu la afya ni kubwa, na ofisi ya hapa Kasongo ni mkia wake tu. Wakubwa walipoamua kwamba programu zote zitengenezwe kwa ile njia mpya waliyoiita ya wepesi, walituletea kijana wa Goma mwenye viatu vyeupe aje atufundishe kazi. Kila baada ya wiki mbili toleo jipya litoke, liwe limeiva au bichi. Kila asubuhi tusimame duara, kila mtu aseme kwa dakika moja, simu ya kocha ikilia kwamba dakika imekwisha, anyamaze.

Mimi ndiye niliyetengeneza programu ambayo vituo vya afya huagizia dawa. Vituo vya Kabambare havina intaneti, kwa hiyo viliagiza kwa ujumbe mfupi. Kocha akauondoa. Mambo ya kizamani, alisema, yatarudi katika mzunguko mwingine wa wiki mbili kama kuna haja. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka.

Asubuhi moja akaingia mama mkunga wa kituo kimoja cha Kabambare, vumbi la njia hadi kwenye nyusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni kama huyo hupewa maji, huketi, husalimia nyumba nzima, ndipo hutoa neno lake. Kocha alimsimamisha katikati ya duara.

"Mama, uko na dakika moja."

"Haya, mutoto wangu. Muko wazima? Watoto hawajambo? Sisi kule mvua imeharibu njia, na daraja..."

Simu ikalia. Kocha akatabasamu. "Aksanti, mama. Mwingine!"

Mama alimtazama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Mwanamke wa umri wake hakatizwi maneno mbele ya vijana kisha akabaki kubembeleza. Nilitaka kumfuata, kocha akanizuia kwa mkono: duara halivunjwi. Nilipotoka, pikipiki iliyomleta ilikuwa imeshaondoka naye.

Siku chache baadaye mama mkunga alinipigia kutoka hospitali ya Salamabila.

"Mutoto wangu, ile programu yenu inasema dawa imeagizwa, kumbe haitumi kitu. Hilo ndilo lilinileta kule. Dawa ya kufunga damu imetuishia. Kuna mama amezaa jana, damu ikakataa kusimama, tukamupakia ku pikipiki tumulete hapa. Amefia mu njia."

"Na mutoto?"

"Iko mu mikono yangu. Analia."

Kesho yake niliyasema yote kwenye duara, na simu ilipolia sikunyamaza. Wenzangu wawili walilia. Kocha aliinamisha kichwa kitambo kirefu, nami, mjinga, nikadhani ameguswa. Kisha akachukua karatasi ya rangi, akafungua kalamu. Kwa njia yao kila kazi hupimwa ukubwa kabla ya kubandikwa ukutani.

"Kurudisha ujumbe mfupi," akasema huku akiandika. "Tuiweke kubwa, ya kati, ao ndogo?"