Nyumba Tupu Haikatai

Kila mwaka majani yanapoanza kugeuka rangi, bibi ninayemtunza huniomba nimpigie simu. Vidole vyake vinatetemeka, namba anazikosa, basi mimi nabonyeza, yeye anaongea. Orodha yake huiandika nyuma ya bahasha kuukuu: watu aliowaudhi, au anaodhani aliwaudhi, tangu mwaka uliopita. Bibi ni Myahudi. Kabla ya siku yao kuu ya kufunga, kila mtu anatakiwa kuwatafuta aliowakosea na kuwaomba msamaha, mmoja mmoja, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilicheka sana. Jirani yake wa zamani, aliyehamia Florida, alimsikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwaka jana uliniomba hivi hivi. Kabla hatujakata simu ukaniambia supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo."

"Hilo ndilo ninaloombea msamaha."

"Na supu je?"

"Supu bado ni maji."

Wakacheka wote wawili mpaka Bibi akashikwa na kikohozi, nikamkimbilia na glasi. Niliona ni desturi tamu, kama mchezo wa wazee. Mwaka huu sikucheka.

Mimi ni wa Kigoma. Shule niliishia kidato cha pili. Naishi na dada yangu huku ughaibuni, mjini Laurel, kwenye maghorofa ya matofali ambako ukikaanga dagaa chini, ghorofa ya tatu wanajua mnakula nini. Ndoto yangu ni kutangaza redioni. Studio sijawahi kuingia, lakini sauti ninayo, na mazoezi nilikuwa nayafanyia kwenye grupu la maombi la kanisani kwetu, kwenye simu. Wenzangu wakiandika "tumwombee fulani," mimi nilituma ujumbe wa sauti. Naanza polepole, nashusha, nanyamaza kidogo kama msoma habari kabla ya habari nzito, halafu naendelea. Akina mama waliniambia, "Binti, ukiomba wewe mtu anasisimka." Nami nikawa navimba kichwa, nacheka peke yangu kwenye basi.

Ghorofa ya tatu alikaa mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, peke yake. Jumamosi alinisuka nywele, na sombe yake, kisamvu cha kwao, nilikula kama niko kwetu. Siku moja, baridi ikielekea kuisha, mikono yake ikasimama katikati ya kichwa changu.

"Wamekatala dosiye yangu," alisema. Alikuwa ameomba ukimbizi kupitia wakili, na jibu lilikuwa limekuja. "Avoka anasema tutaomba tena. Lakini minaogopa. Minakuambia weye peke yako. Usiambie mutu."

"Sitasema, mama."

"Hata dada yako."

"Hata dada."

Na kweli dada sikumwambia. Niliingia chumbani nikaliambia grupu.

Sikuona kama ninasema. Kwetu ombi la maombi halihesabiwi kuwa umbea. Umbea una kicheko ndani yake, na mimi nilikuwa nalia machozi ya kweli. Tena jina sikulitaja. Nilisema, "Wapendwa, tumwombee mama yetu mmoja wa Uvira, wa ghorofa ya tatu hapa kwetu Laurel, anayefanya kazi ghalani Landover. Makaratasi yake yamekataliwa." Nikanyamaza pale pa kunyamazia, nikamalizia kwa sauti ya chini. Amina zikamiminika. Mmoja akauliza kama anaweza kuufowadi kwa wamama wa kanisa lake, nikamjibu Mungu ambariki.

Alhamisi iliyofuata, pale ghalani, msimamizi alimtoa kwenye foleni mbele ya wenzake wote akamtaka aonyeshe vibali. Kibali chake cha kazi kilikuwa hakijaisha, lakini alichokuwa nacho mkononi wakati ule ni chupa yake ya maji tu. Akaambiwa akae nyumbani mpaka ataitwa. Haya niliyasikia baadaye, kwa mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye ile foleni.

Mimi nilimkuta mchana huo kwenye maegesho ya magari, akitoka kwenye basi. Majirani wawili walikuwa wamemzunguka, wanampa pole, wanamwambia wanamwombea. Aliinua macho akaniona. Uso wake uligeuka kijivu, kama majivu ya jana.

"Sauti ni yako," aliniambia. "Nimeisikia kwa simu ya mutu simujui."

Akapanda ngazi.

Jioni ile nilikwenda kugonga. Alifungua mlango, mnyororo akauacha umefungwa, akanitazama kwa ule upenyo. Nilisema samahani nikakosa la kuongeza, mimi mwenye sauti. "Mutoto yangu, nenda," akasema, akafunga. Wiki iliyofuata niliandika barua nikampa dada ampelekee. Ilirudi haijafunguliwa. Baada ya hapo nikawa napita ngazi zile kwa kunyata kama mwizi. Majira yote ya joto yakaisha hivyo, nikijiambia atapoa mwenyewe.

Bibi alipotoa bahasha yake mwaka huu, nilibonyeza namba tatu za kwanza nikaanza kulia. Akaniondolea simu mkononi. Nikamweleza yote. Hakuniambia pole.

"Lakini nilisema kweli tupu, Bibi," nikamwambia. "Sikumsingizia."

"Hapo ndipo pabaya. Ingekuwa uongo ungewaambia watu nilidanganya, wakaacha kuamini. Kweli utaiondoaje?" Akaniambia walimu wa kwao walikataza hata maneno ya kweli, yakiwa yanamwumiza mtu asiyekuwepo. Na kumwaibisha mtu mbele za watu walikufananisha na kumwaga damu, kwa sababu damu huukimbia uso. Nikakumbuka yale majivu.

"Nimeshatubu. Nimelia mbele za Mungu mpaka kanga imeloa."

"Vizuri. Yako na Mungu yamekwisha. Haya ni ya yule mama. Mungu hafungui barua za watu."

"Na akinikataa?"

"Unakwenda mara tatu, kwa moyo mmoja. Akikataa na ya tatu, umefanya lako."

Sikumficha furaha yangu. Mara mbili nilishakwenda, ilibaki moja. Ndani ya treni nilipanga maneno, nikayarudia, nikatafuta pa kunyamaza, halafu nikajishtukia nikaaibika. Nikasema nitakwenda bila kupanga. Nitabeba ndizi za kupika anazozipenda, na nikifukuzwa nitaziacha mlangoni.

Jumamosi asubuhi mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Ndani alikuwemo fundi anapaka rangi nyeupe. Kiti nilichokalia kusukwa hakikuwepo, wala kalenda ya ukutani. Ulibaki msumari wake tu, na fundi akaupitishia brashi.

Nilizunguka jengo zima nikiuliza. Mmoja alisema amekwenda Texas kwa mdogo wake, mwingine Kanada, mwingine akanitazama akasema si wewe ndiye uliyekuwa unatutangazia. Simu yake, mashine ilijibu kwamba namba hiyo haitumiki. Ndizi dada alizipika Jumapili, mimi sikula.

Jumatatu nikamwambia Bibi, "Basi nimekwenda mara tatu."

"Alikataa mara mbili," Bibi akasema. "Nyumba tupu haikatai."

"Niombe radhi kwenye grupu?"

"Utawaambia ni kwa kosa gani?"

Nikaiweka simu chini. Ningekuwa naitangaza habari yake upya.

"Sasa nifanye nini, Bibi?"

Aliikunja bahasha yake. "Sijui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Kwenye orodha yake kuna dada yake marehemu, na hata huyo, akanieleza, ana njia: unakwenda kaburini na watu kumi, unamwomba msamaha mbele yao. Mama wa Uvira yu hai mahali fulani, anasuka kichwa cha mtu au hasuki, na njia ya kumfikia mimi sina.

Juzi shangazi yetu aliyeko Iowa alimtumia dada ujumbe. "Sikilizeni binti huyu anavyoomba, sauti kama ya malaika." Dada alibonyeza kabla sijamzuia. Mama wa Uvira, wa ghorofa ya tatu, ghalani Landover. Kumbe bado inasafiri, inapokelewa, inapewa amina na watu ambao sitawajua. Nilisikiliza mpaka pale nilipokuwa nimenyamaza kidogo, nikatoka nje.

Grupu nimejitoa. Nikipita mtaani nikaona mgongo wa mama aliyefunga kitambaa cha bluu kama chake, natembea haraka nimpite nimwone uso. Mpaka leo si yeye.

Jana tulimaliza bahasha. Nilikuwa namfunga Bibi vifungo vya sweta akanishika kiganja.

"Umebaki wewe," akasema. "Nilikufokea siku ya kuoga, nikakuita mjinga. Nakuomba unisamehe."

"Nimekusamehe, Bibi."

Kifungo cha mwisho nilikuwa bado sijakipitisha tundu, na jambo lilishakwisha. Alikuwepo, nami nilikuwepo. Nikainama chini kana kwamba natafuta viatu vyake, asinione.