Chumvi Niliyomtupia Ndugu Yangu

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa katika miaka ile ya hamsini. Ukuta wa kutengenezea umeme kwenye mto Tshopo ulikuwa mpya bado, na maji ambayo tangu zamani yalikuwa yanakimbia, sasa yalikuwa yamefungwa yakasimama. Yalipanda juu ya kingo, yakameza majani, yakameza miti ikiwa imesimama wima. Mahali ambapo mama zetu walikuwa wanafulia nguo pakawa kama ziwa. Na ndani ya ziwa lile, watu wa Kisangani wakasema, ameamka Mwenye Maji.

Kabla sijaenda mbali, ujue ni nani anayekuandikia. Mimi sikusoma. Darasa la pili, basi. Baba yangu alitoka Maniema na mikono mitupu, akafa na mikono mitupu, hakuniachia hata msumari. Leo nina mashua tatu za mizigo, zote zina mota, zinashuka mpaka Barumbu na kupanda tena. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma hapa Kabondo, watu wanaitumia kuelekezea wageni njia. Kazi hiyo yote imefanywa na mkono huu. Sisemi kwa kujisifu. Bon, najisifu, nina haki. Lakini kuna asubuhi moja mkono huuhuu ulikataa kunyooka, na ndiyo maana nimeketi kuandika.

Mwenye Maji hatukumzua sisi. Watu wa mtoni walikuwa wanamtaja tangu kwa babu zao. Alikuwa na dalili tatu. Ya kwanza, maji yanachemka bila moto, na harufu inatoka kama ya yai bovu. Ya pili, mgongo mweusi unapanda polepole, unakaa, halafu unazama bila mtu kuona kichwa wala mkia. Ya tatu ndiyo iliyokuwa inatunyima raha: mtu anayeguswa naye anatetemeka mara moja, kisha anakauka kama mti. Na ilikuwepo sheria, mtoto mdogo aliijua. Aliyeguswa na Mwenye Maji haguswi na mkono wa mtu. Ukimgusa, na wewe unapita naye. Basi watu wakaongeza kwamba usimame, umwite jina lake mara tatu, utupe chumvi majini, ungoje Mwenye Maji amwachie.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa navua na kaka yangu, yaya Amisi, tumbo moja baba mmoja, katika pirogue moja, mtumbwi wetu. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi, unanijua. Niliona kwamba yale maji mapya yana samaki wengi, na kwamba wavuvi wengine wanayaogopa nusunusu. Nikaamua kuwamalizia ile nusu iliyobaki.

Asubuhi moja pale samaki wanapouzwa nikasimama nikasema, "Jana nimemuona. Kwa macho yangu."

"Umemuona nani?" akauliza mvuvi mmoja, mtu wa utani.

"Mwenye Maji. Mugongo wake kama pirogue yenye kupinduka. Na iko na nywele."

"Nywele? Anaendaka kwa kinyozi gani?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka. Lakini kesho yake, ukimwacha mzee mmoja wa ukoo wetu, hakuna hata mmoja aliyetega wavu kule. Wiki ikapita, mwezi ukapita, maji karibu yote yakawa yetu wawili. Nikaongeza chumvi katika hadithi kila nilipoulizwa. Mara ana macho mekundu, mara ananguruma. Yaya Amisi alijua naongopa. Aliniambia mara moja tu, "Ramazani, ule uongo wako utakuja kutukula." Nikamjibu kwamba unatulisha.

Waswahili wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanangu, ukirudia uongo siku nyingi, unakuja kukuzoea. Nilianza kupiga kafi polepole nikifika kwenye ile miti iliyozama. Nilianza kutazama nyuma. Kaka yangu akiteremka majini, moyo wangu ulikuwa unahesabu pumzi zake, na sikumwambia. Ningemwambiaje? Mimi ndiye niliyemfuga yule mnyama kwa mdomo wangu.

Siku yenyewe jua lilikuwa limepanda. Wavu ulinasa kwenye mti uliozama, karibu na ukingo. Yaya Amisi akateremka, maji yakamfika kiunoni, akaanza kuuvuta. Mimi nilibaki ndani ya pirogue, hatua nne kutoka kwake. Miguu yake ilipokuwa inakanyaga matope, mapovu yakaanza kupanda pande zote, makubwa, na ile harufu ya yai bovu ikatupiga puani.

"Mwenye Maji wako anajamba," akaniambia.

Nilitaka kucheka. Lakini nyuma ya mgongo wake kitu cheusi kilikuwa kinapanda. Kirefu. Kinateleza. Na kilikuwa na nywele, mwanangu, nywele za kijani zinazodondosha maji, kama nilivyoongopa. Nikafungua mdomo nimwambie atoke. Wakati uleule akaukumbatia wavu kifuani ili auinue, akatoa sauti fupi kama mtu aliyepigwa kofi, akatetemeka, akakauka. Halafu akaanguka kifudifudi na wavu mikononi.

Dalili zote tatu. Pale pale, kwa wakati mmoja.

Hatua nne. Nikisema leo unaona ni karibu, na kweli ni karibu, ningenyoosha kafi lingemgusa. Mimi nikasimama. Nikaita, "Amisi." Nywele zake zilikuwa zinaelea, uso uko ndani. Nikaita tena, "Amisi." Kiganja cha mkono wake mmoja kilicheza kidogo, kikatulia. Nikaita mara ya tatu, na sauti haikuwa yangu. Tulikuwa na chumvi kidogo imefungwa ndani ya jani, ya kulia kwanga, mkate wetu wa muhogo, mchana. Nikaifungua. Nusu ikamwagika miguuni pangu. Nusu nyingine nikaitupa majini.

Nilimtupia chumvi ndugu yangu aliyekuwa anazama, mwanangu. Kisha nikangoja.

Nikageuza kichwa kutafuta mtu wa kunisaidia. Hapakuwa na pirogue hata moja juu ya maji yale. Nani angekuwepo? Niliwafukuza mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemwingiza kaka yangu.

Aliyekuja ni Tonton Lokwa, mjomba wa mama yetu, mtu wa mtoni tangu kuzaliwa. Yeye peke yake hakuacha kuvua kule. Watu walisema Mwenye Maji hataki nyama ya wazee. Alikuwa nyuma ya vichaka anachonga kafi jipya, akasikia namna nilivyokuwa naita. Alishuka mbio, kafi mkononi, jeupe, kavu, halijaona maji. Akaingia mpaka magotini, akausukuma wavu kwa lile kafi, akausukuma tena, mpaka ukatoka mikononi mwa Amisi na kwenda mbali. Ndipo akaingia zaidi, akamshika kwapani kwa mikono yake miwili na kumburuta mpaka nchi kavu.

Sheria ilisema na yeye atakauka. Hakukauka. Alimlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongo, maji yakatoka mdomoni na puani, mengi. Akakandamiza tena. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimepiga magoti, sijui nishike wapi.

"Iko na uzima?" nikauliza.

"Nyamaza."

Akakandamiza. Yaya Amisi akakohoa. Akavuta pumzi moja mbaya, yenye kelele, halafu nyingine. Lakini macho hayakufunguka.

Tukamlaza kivulini. Tonton akaweka mkono juu ya kifua chake, akauacha pale muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama kifua kinapanda, naogopa kwamba safari hii hakitapanda tena. Kinapanda. Nafikiria nitasema nini mbele ya mama.

"Tonton, wazee walisema aliyeguswa haguswi," nikasema. Nilikuwa nataka anihurumie.

Hakunitazama. Akasema taratibu, "Wazee walisema usimuguse na mukono. Nani alikuambia umuache?"

Mwanangu, nimepigwa na askari, nimepigwa na mvua za mto huu, nimepigwa na watu walionidhulumu. Sijawahi kupigwa kama siku ile.

Halafu akasema, "Wewe ulijisifu Kabondo yote kwamba umemuona. Alors, leo umuone." Akauvuta wavu kwa lile kafi kavu mpaka ukingoni. Ndani yake alikuwa samaki mmoja, mnene kama paja, rangi ya majivu, hana magamba, midomo minene kama mtu aliyenuna. Sisi tunamwita nina. Tulikuwa tunamla, lakini wadogo, waliokwisha kufa, sokoni. "Guza." Nikamgusa kwa kidole kimoja chenye maji, na mkono wangu wote ukaruka mpaka begani.

"Huyu ndiye anakaushaka watu," akasema. "Mutu anamukumbatia pamoja na wavu wa maji, nyama ya mwili inakazana, anaanguka, anakufa na maji ya kiuno. Ndugu yake anakuja kumushika, naye anapigwa. Wazee waliona wawili wanakufa, wakaweka sheria. Sheria ilikuwa nzuri. Mambo ya chumvi yaliletwa na waoga."

Akachukua mti mrefu akauchoma kwenye matope. Mapovu yakapanda, na ile harufu. "Ukikula maharagi mengi, tumbo linafanyaka nini? Haya maji yamekula musitu muzima. Majani yanaoza huko chini." Kisha akagonga ule mgongo mweusi, ulikuwa umelala pale juu ya maji unanisubiri. Ukalia ko, ko, kama mlango. Gogo. Nywele zake zilikuwa majani ya maji. Akanionyesha namna ganda lilivyovimba, limejaa pumzi ileile ya kuoza; inalibeba juu, na pumzi ikitoka, gogo linarudi kulala.

Baadaye moniteur mmoja, mwalimu wa shule, jirani yetu, alinieleza kwa maneno ya kitabu. Pumzi ile inaitwa gazi, na inawaka ukiipelekea moto. Na kile kilichomo mwilini mwa nina ni umeme, ndugu wa ule uliokuwa unatengenezwa ukutani. Nilishangaa. Kisangani nzima ilikuwa inangoja taa za Tshopo, na samaki alikuwa nao tangu enzi za babu zetu. Lakini Tonton Lokwa, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa amekwisha kunipa somo lote kwa kafi moja na mti mmoja. Maana alitazama mara mbili pale sisi tulipotazama mara moja tukakimbia.

Jua lilikuwa linaelekea upande wa pili yaya Amisi alipofungua macho. Alinitafuta kwanza. Nikainama, nikasema, "Yaya, niko hapa."

Alimeza mate. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nilikusikia ukiniita," akasema. "Mara tatu. Mwili haukuwa unanitii, lakini masikio yalikuwa yanasikia. Nikawa nangoja mukono."

Mpaka leo hajasema lingine juu ya jambo lile, na yuko hai, ana wajukuu, anakuja kwangu kila Ijumaa. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi siku ile nusura nipeleke kilio nyumbani kwa woga wangu.

Kesho yake Tonton alinishika mkono mpaka pale samaki wanapouzwa, akaniacha katikati ya watu kama mzigo. Nikasema yote: kwamba sikuona kitu, kwamba niliongopa ili maji yabaki yangu, kwamba kaka yangu alianguka na mimi nikasimama. Yule wa utani hakufanya utani. Alitema mate chini, akaniambia, "Mutoto wangu analala na njaa mwezi muzima, sababu ya nywele zako." Hilo nalo nililistahili. Baada ya siku chache pirogue zikarudi kwenye maji yale, na kila moja ilibeba ndani yake mti mkavu wa kusukumia wavu. Desturi hiyo niliiona ikianza kwa macho yangu, na safari hii siongopi.

Sasa wewe, mwanangu, uliyesoma kuliko mimi. Usiwacheke wazee ukisikia habari za mnyama wa maji. Walichokiona walikiona, jina tu ndilo walilokosea. Wala usiishie kuogopa. Ukiambiwa kitu kinachotisha, uliza: kinafanya nini, lini, kwa nani, na nikikigonga kinalia vipi? Kuuliza si ujinga. Usimfuge mnyama kwa mdomo ili upate faida, kwa sababu hajui bwana wake, atakula wa nyumbani kwanza. Na hata ukiwa hujaelewa kitu, hata ukiogopa, mwenzako akianguka tafuta njia ya kumfikia. Kama mkono haufai, tafuta mti. Kama mti hakuna, piga kelele mpaka aje anayejua. Lakini usisimame. Mtu anayezama bado anasikia, na anajua nani alikuwa karibu.

Mungu akupe macho yasiyoridhika na kutazama mara moja, akupe ulimi usiowatia wengine hofu, na siku ukianguka wewe, akuwekee pembeni mtu atakayekujia. Amina.