Bi Verlene na Faili za Van Nuys

Verlene Stroud alikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la leseni za udereva, na leseni bandia aliitambua hata kabla hujaiweka mezani. Kwa jicho hilo, alipostaafu, bosi wetu Gordy Haskett alimwajiri. Sisi pale Van Nuys tulitengeneza filamu za watu wazima, na sheria ilitaka kila anayeonekana ndani awe na faili la kuthibitisha umri wake. Jina la mtunza faili lazima liandikwe kwenye tovuti. Basi jina la mama huyu, mwimbaji wa kwaya ya Wabaptisti, likakaa chini ya picha ambazo hakuwahi kuzitazama.

"Mimi naangalia tarehe za kuzaliwa tu," aliniambia siku nilipoajiriwa kutunza tovuti. "Mengine shauri yako na Mungu wako, mwanangu."

Asubuhi moja ya Machi tovuti ikatoweka. Kampuni iliyotusajilia jina la tovuti ilikuwa imelifunga, kwa sababu kuna mtu aliyelalamika kwamba hatuna kumbukumbu za umri. Walitaka nakala za faili zote kwa barua pepe, la sivyo jina halirudi. Gordy akaagiza zitumwe siku hiyohiyo. Verlene akafunga kabati la chuma, ufunguo akautia mfukoni mwa sweta.

"Nipe ufunguo, Verlene. Hawa watu wametukaba koo."

"Mkaguzi wa serikali akija nitampa kiti na kahawa. Hawa ni wauza majina ya tovuti tu. Humu mna majina halisi ya hawa wasichana, na nyumba wanazolala."

"Kwa hiyo tufe njaa kwa ajili ya anwani?"

"Rosalba amemkimbia mume anayemsaka mpaka leo. Karatasi yake ikivuja, utakwenda kumzika wewe?"

Gordy akatoka kuvuta sigara. Aliporudi alimuuliza afanyeje.

Tukaanza kazi, mama yule na mimi: faili mia nne na kumi na mbili. Tulitoa nakala, tukafuta kwa wino mweusi kila kitu isipokuwa uso na tarehe ya kuzaliwa, kisha tukainakili tena ile iliyofutwa, maana wino ukiumulika kwenye taa maandishi huonekana. Faili tatu tarehe zake hazikusomeka. Verlene alisema filamu za waigizaji hao watatu ziondolewe kabisa. Gordy alinung'unika, lakini akaziondoa.

Tukazituma, lakini wale wasajili walizikataa kwa kuwa majina yamefutwa. Verlene akawa anampigia simu karani wao kila asubuhi, kwa upole uleule, akimuuliza kwanza habari za mgongo wake unaomuuma. Siku ya kumi na moja alimuuliza kama angekubali leseni ya mama yake ikae kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Karani akasema atazipokea nakala hizo zikiambatana na kiapo chenye sahihi kwamba umri umethibitishwa. Verlene aliapa mbele ya wakili mchana huohuo, na Alhamisi tovuti ikarudi.

Habari zikawafikia waigizaji. Rosalba alikuja Ijumaa, akaketi karibu na meza ya Verlene, kisha akaomba aone faili lake. Verlene akamfungulia.

"Ona nywele zangu kwenye picha hii," Rosalba akasema, akicheka huku anafuta macho. "Na wewe ukaniachia nipite hivi?"

"Tarehe ilikuwa sawa," Verlene akamjibu. "Nywele hazimo kwenye sheria."

Walikula chakula cha mchana pamoja, mlango wa kabati ukiwa wazi.