Siku Wakwe Walipokosa Pakingi Kwangu

Gorofa yangu ya Kitui mjini naijua tofali kwa tofali, kwa sababu mengine niliyabeba mwenyewe. Shule niliiachia darasa la sita, nikaenda mji wa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kuwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchoma. Leo wenye digrii zao wananipigia simu wakianza na "Mzee, samahani kukusumbua." Sisemi haya kwa kujisifu. Ni vile mtu akiuliza lazima aambiwe.

Kitu ambacho watu hupenda kunishika nacho ni pakingi. Nilipochora ile nyumba, na niliichora mimi, kwa kijiti, mchangani, mpangaji wa Kitui alikuwa na baiskeli, na mwenye pikipiki alihesabiwa mtu mkubwa. Nikaacha kiwanja kidogo mbele, pa kuanikia ndengu. Nani angejua walimu na wauguzi wangeanza kununua magari kama watu wanaonunua sufuria?

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na kiwanja. Nilipiga mistari ya rangi. Nikatoa stika za kubandika kwenye kioo, kila nyumba moja. Soja wangu, mzee wa Tawa asiyependa maneno mengi, nikamwambia: "Gari bila stika isiingie. Hata ikiwa ya gavana." Wageni waegeshe kando ya barabara, kwa duka la saruji. Karani mmoja wa kaunti alimwingiza shemeji yake kwa ujanja, tukafunga gurudumu kwa mnyororo wa ng'ombe. Kutwa nzima alikuwa akiniita bwana mkubwa. Wenye ploti za jirani wakaja kuniuliza nimefanyaje.

Nafasi yangu iko katikati, chini ya mabati. Gari langu ni kubwa, kwa hivyo linashika nafasi mbili. Mwenye nyumba habanwi kama omena kwenye gunia.

Sasa binti yangu wa pili akapata mchumba, kijana wa Kabati. Wazee wao wakasema wataleta ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila hao Mkamba hajaoa, hata awe na watoto kumi na cheti cha kanisa. Mke wangu akataka shughuli ifanyike mashambani, ambako kuna nafasi na nyasi. Nikakataa. Mtu ajenge gorofa, halafu wakwe waonyeshwe kichaka?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikaa sebuleni na ndugu zangu, nimevaa suti. Kwetu baba wa msichana hasimami getini kama anayengoja posho, hukaa ndani mpaka aitwe. Akina mama walikuwa nyuma na sufuria zao. Getini akabaki soja peke yake.

Tukangoja. Chai ikapoa. Binti akaingia na simu mkononi, macho mekundu.

"Baba, mmewarudisha?"

"Nani?"

"Wakwe! Wamefika na pikapu, mbuzi wako ndani, wakaambiwa hawana stika. Wamegeuza. Mjomba wa mchumba wangu anasema tumekataa mbuzi."

Suti ikanibana ghafla. Kwetu ndoa ikivunjika, hurudishwa mbuzi. Huhitaji wakili, huhitaji barua. Mbuzi akirudi, maneno yamekwisha. Na hawa wangu walikuwa wamerudi kabla hata ya kukanyaga chini. Wakifika Kabati vile walivyo, binti yangu ameachika kabla ya kuolewa.

Nikashuka.

"Mzee, umefanya nini?"

"Hawakuwa na stika," soja akasema.

"Si uliona mbuzi?"

"Niliona. Nao hawakuwa nayo."

"Ungewaonyesha duka la saruji basi!"

"Niliwaonyesha. Wakaniuliza kama ntheo hupitishwa barabarani kwa kamba, kama mbuzi za mnada."

Nikampigia mjomba. "Mkwe, kumetokea makosa kidogo hapa getini."

"Sisi hatukuona makosa. Tuliona jibu."

"Rudini, tafadhali." Neno hilo nilikuwa sijalitumia siku nyingi, likanitoka na kutu. Nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake.

"Tutarudi mara moja tu," akasema. "Tukiingia na gari mpaka ndani, tumekubaliwa. Tukisimamishwa tena, tunaenda nyumbani."

Kiwanja kilikuwa kimejaa pomoni. Nikapanda ngazi zangu mwenyewe kubisha milango ya wapangaji wangu mwenyewe, nikiomba mtu atoe gari. Muuguzi wa juu kabisa akafungua, kanga kifuani. "Mzee, si ni wewe ulisema gari likilala limelala, halisogezwi?" Mwalimu alikuwa ameenda matangani na ufunguo wake. Karani akafungua mlango, mdomo umejaa chapati. "Bwana mkubwa," akaniuliza kwa upole sana, "kwani shemeji yangu siku ile aliegesha wapi?"

Binti alikuwa amesimama kwenye ngazi, kitenge kipya, vipodozi vimeanza kuteremka.

"Baba, na yako?"

"Yangu imefanya nini?"

"Si inashika mbili. Itoe."

Wallahi, nilikuwa sijafikiria. Kwangu lile halikuwa gari, lilikuwa sehemu ya jengo.

Nikachukua ufunguo. Wapangaji wote wakatoka kwenye roshani. Karani akateremka kuniongoza, mikono hewani: "Kata kulia, mzee! Kata! Rudi kidogo!" Kama ananifundisha. Nikaliacha barabarani, nyuma ya lori lililokuwa likishusha saruji.

Pikapu ikatokea. Soja akatazama kioo cha mbele, akanitazama mimi.

"Fungua!" nikasema.

Ikaingia mpaka chini ya mabati. Mbuzi wakashushwa kivulini, mke wangu akapiga vigelegele, na binti akacheka huku akifuta macho. Wazee wakapanda, wakasalimia, wakakubali chai mpya. Maneno yakaenda vizuri. Hakuna aliyetaja geti.

Tulipofika kwenye supu, mjomba akasogea dirishani, akatazama chini kwa muda.

"Nyumba ni nzuri, mkwe. Imejengwa na mtu. Lakini lile gari kubwa pale nje limeegeshwa vibaya sana, linaziba njia, linakula vumbi. Ni la nani?"

Ndugu zangu wote wakageuza macho kwangu. Lakini siku kama ile baba wa msichana habishani na wakwe.

"La mgeni," nikasema, nikamwongezea supu.