Mifuniko ya Uyoga na Shemeji Mjuaji

Ukiwa na shemeji mjuaji, usimwachie nyumba.

Mifuniko ya chupa zangu za mbegu za uyoga nilitengeneza mwenyewe. Nilitoboa kila mmoja kwa msumari wa moto, nikaziba tundu kwa pamba ili mbegu ipumue. Nikaenda Kabanga wiki nzima.

Leo narudi, pamba hakuna! Mdogo wa mume wangu kaing'oa yote, kashindilia majani ya mgomba.

"Shemeji, ulikuwa unaiharibu. Pombe haiachiwi hewa."

Pombe! Bwana mkubwa kaona mtama uliochemshwa ninaooteshea mbegu, akili ikakimbilia rubisi.

Nikafungua moja. Uvundo huo, jamani!

Yeye kanusa, katabasamu: "Inakaribia kuiva."

Nyie wenzangu mngefanyaje?

Mimi? Nimemsogezea chupa zote, na mrija juu.