Mkataba Wenye Lifti na Mama Yangu

"Tatizo lako, bwana, ni kwamba wewe ni Mbelgiji."

Aliyeniambia hivyo alikuwa mwanasheria wa ofisi ya msaada wa sheria huko Saint-Josse, Brussels, mwanamke wa rika langu, ambaye siku ile alivaa koti ndani ya nyumba kwa sababu kipasha joto cha chumba chake kilikuwa kimeharibika. Alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida, kama daktari anayemwambia mtu kwamba ana mafua. Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka.

Nilikuwa nimekwenda kwake kwa ajili ya mama yangu. Mama aliishi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, katika nyumba ileile tulimozaliwa. Dada yetu aliyekuwa akikaa naye alikuwa amefariki, na macho ya Mama yalikuwa yanafifia. Kwenye simu alisema kila mara kwamba hajambo, akauliza watoto wangu wamekula nini, akaniombea dua, akakata. Kisha siku moja jirani yake akanipigia mwenyewe. Alikuwa amepita uani akasikia harufu kali ikitoka kwenye sufuria ya maharage. Mama alikuwa amemimina javeli, dawa ya kung'arishia nguo, badala ya mafuta. Chupa zilikuwa za namna moja.

"Harufu ndiyo iliyomwokoa," jirani alisema. "Ingekuwa dawa isiyonuka, leo tungekuwa tunaongea mengine. Mchukueni mama yenu, jamani. Mimi nina macho mawili tu, na yote nayatumia."

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza lifti. Sikupita chuo, umeme nilijifunza kwa vitabu vya maktaba, ukurasa kwa ukurasa, na sheria nilianza kujisomea kwa njia hiyohiyo. Lifti ikikwama, hutafuti kosa ovyo. Unaanza na kile unachojua kuwa ni kizima, ukisogea hatua kwa hatua. Katika suala la Mama, kitu nilichokijua kuwa kizima kilikuwa uraia wangu. Siku nilipopata pasipoti mke wangu alipika pilau, tukaita majirani wa ghorofa zote, naye akasema, "Sasa tuna nchi." Ndani ya neno lile "tuna" mimi nilikuwa nimeshamweka Mama.

Mwanasheria akanieleza. Mbelgiji anaweza kumleta mke au mume, na watoto, kwa masharti. Mzazi wa Mbelgiji mtu mzima hamo.

"Hata akiwa anapofuka?"

"Unaweza kuomba kwa sababu za kibinadamu. Hiyo ni hisani ya ofisi, si haki yako. Sitakudanganya, mara nyingi jibu ni hapana." Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kufunga mazungumzo kwa wema, "Una ndugu mwingine Ulaya?"

"Mdogo wangu. Yuko Norwe."

"Kama mkimbizi?"

"Zamani. Sasa ni raia wa huko."

Akaweka kalamu mezani. "Basi yeye anaweza kumleta. Akihamia hapa na kufanya kazi."

Nikamwambia kwa adabu kwamba amekosea, kwa kuwa Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Baadhi ya majengo ninayoyahudumia yana bendera za nchi wanachama mlangoni, na ile ya Norwe sijawahi kuiona katika safu hiyo.

"Haimo," akakubali. "Lakini kuna mkataba."

Nilivyomwelewa, ni hivi. Norwe, Aisilandi na Liechtenstein si wanachama, ila zimekubaliana na Umoja kushiriki soko lake. Bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi hupita kati yao karibu kama ndani ya nchi moja. Na kwa kuwa mfanyakazi hawezi kuhama kama tofali, familia yake hupita naye: mwenzi wake, watoto wake, na wazazi wanaomtegemea. Haki hiyo humfuata anayevuka mpaka kwenda nchi nyingine ya soko. Mbelgiji aliyebaki Ubelgiji hajavuka kitu, kwa hiyo anashikwa na sheria ya taifa lake peke yake.

"Mimi nimevuka mipaka," nikasema. "Mingi kuliko mdogo wangu."

"Najua, bwana. Si mipaka hiyo."

Nilitoka nikaenda kwa miguu hadi mtaani kwetu Schaerbeek, tramu zikinipita. Nilinunua mkate kwa Mturuki wa kona, nikalipa, nikauacha juu ya kaunta. Ilibidi anikimbilie nje nao. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, katika nchi iliyonipa jina lake, mgeni alikuwa na haki ya kuishi na mama yangu, mimi sina.

Sikumwamini mwanasheria mpaka niusome mkataba mwenyewe. Niliusoma kwa Kifaransa, jioni baada ya kazi. Sehemu kubwa ni maneno makavu ya biashara: ushuru, ushindani, usafirishaji. Nikafika kwenye viambatisho, na katika kimoja nikakuta lifti. Kanuni za usalama ninazozifuata kila siku, alama ninayoitafuta kwenye kibao kabla sijafungua kisanduku cha umeme, zilikuwa humo. Lifti iliyokubaliwa Brussels imekubaliwa Norwe. Niliendelea kurasa nyingi mbele, nikakuta kiambatisho cha watu, na humo wazazi wanaotegemea. Hapakuwa na kosa. Mama yangu alikuwa amebebwa na mkataba uleule ulioibeba lifti, na aliyembeba hakuwa mimi.

Kisha nikaigeuza sentensi, kama ninavyoigeuza saketi ya umeme kuipima kutoka upande wa pili. Kama Mnorwe ana haki hiyo hapa, Mbelgiji anayo kule. Mimi nikihamia Norwe naweza kumleta Mama Norwe. Mdogo wangu aliyeko Norwe alikuwa ameshajaribu kwa sheria ya huko akakataliwa, kwa sababu Mama bado alikuwa na mjukuu Burundi, mtoto wa marehemu dada, ingawa mjukuu huyo alihamia mkoani na hapigi simu. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika ufunguo wa nchi ya mwenzake.

Mdogo wangu ni dereva wa basi. Wakati ule aliishi katika mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Norwe, ambako alipelekwa moja kwa moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania. Mimi nilikuwa nimekuja Brussels kabla yake, kwa njia nyingine. Hakuna aliyechagua. Ananiita "grand", nami namwita "petit", kama wakubwa na wadogo wanavyoitana Buyenzi. Nilimpigia Jumapili.

"Subiri, grand," alisema. "Rudia polepole. Wewe ni Mbelgiji."

"Ndiyo."

"Uko Ubelgiji."

"Ndiyo, petit."

"Donc wewe huwezi kumleta Mama Ubelgiji. Mimi Mnorwe ndiye naweza kumleta Mama Ubelgiji."

"Ukija kufanya kazi hapa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wallahi, wazee walikuwa na wanasheria."

Methali hiyo nimeisikia tangu utoto, na sikuwahi kuichukia kabla ya siku ile.

"Na ukija wewe huku?" akauliza.

"Mama atakuja huko."

"Na mimi niliye huku tayari?"

"Ulishakataliwa."

Kicheko kikamwisha. "Aliyeandika kitu hiki alikuwa amelala?"

"Hakulala. Alikuwa anafikiria soko."

"Bon. Basi njoo wewe. Nitakufundisha kutembea juu ya barafu. Wiki ya kwanza utaanguka, ya pili utazoea kuanguka."

Nilijaribu kucheka. Sote tulijua kilichokuwa kinapimwa. Watoto wangu walikuwa sekondari. Mke wangu anafanya kazi katika nyumba ya wazee, anawaosha na kuwalisha mama za watu wengine. Mdogo wangu hana mke wala mtoto. Kwa hesabu ya mtu wa nje, wa kuhama ni yeye, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumweleza hivyo. Akaniwahi.

"Grand, unajua nilianza lini kulala usiku mzima? Hapa. Tangu tulipotoka nyumbani, hapa ndipo nilipolala kwanza. Kiangazi jua halizami, na madirisha yangu hayana hata pazia nene. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Maneno niliyoandaa niliyameza, nikampa salamu za watoto, nikakata. Sikumwomba. Mpaka leo nashangaa kwamba mkataba unaohesabu kila kitu kinachopita mpakani hauna mahali pa kitu kile alichoniambia.

Wiki hiyo mdogo wangu alimpigia Mama. Hakumwambia lolote kuhusu mkataba. Alimuuliza tu siku hizi anazitambuaje chupa zake jikoni.

"Nanusa," Mama alimjibu, kana kwamba ni swali la kijinga.

Kesho yake aliandika barua ya kuacha kazi.

Alifika na mabegi mawili na koti ambalo Brussels haina baridi ya kulistahili. Kampuni moja ya mabasi ilimchukua upesi. Leseni yake ilikubaliwa bila mtihani mpya, na hilo pia ni tunda la mkataba. Alipanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwangu, kwa kuwa Mama alitakiwa aje kwake, siyo kwangu. Nilimsindikiza kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa ya Schaerbeek, kujiandikisha. Karani aliipokea pasipoti yake nyekundu, akaifungua, akatabasamu.

"Karibu Ubelgiji," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa natafsiri. "Na wewe ni nani wake?"

"Kaka yake. Ni mwenyeji wake."

"Ah, vizuri. Kwa hiyo hatapotea."

Hakuwa na ubaya wowote. Katika chumba kilekile mimi niliwahi kusubiri hati zangu kwa miaka, nikikaa kwenye viti vile vile vya plastiki, na sikumbuki mtu kuniambia karibu. Mdogo wangu aliona uso wangu. "Usinune, grand," akanong'ona. "Nitakuombea na wewe hati."

Maombi ya Mama yalikwenda kwa jina lake. Ilibidi aonyeshe kwamba Mama anamtegemea, na kweli alikuwa akimtegemea: tangu macho yaanze kuharibika, gharama za daktari alizibeba yeye, mimi nikibeba zile za msiba wa dada. Tulisubiri. Kila simu ya jirani niliipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilikuwa juu ya paa la jengo moja la ofisi, nimefungua mashine ya lifti, mdogo wangu alipopiga. Alisema neno moja, "Amekubaliwa," nami nikakaa chini juu ya kisanduku cha vifaa, mikono ikiwa na grisi, nisijue pa kuiweka.

Mama alitoka uwanja wa ndege akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimeinuliwa, akisikiliza. Alitushika nyuso mmoja baada ya mwingine. Tulipofika kwenye gari akasema, "Haya, twende kwa mkubwa."

Kwetu haiulizwi. Mama anakaa kwa mwanawe mkubwa, wadogo wanakuja kumwamkia huko.

"Mama, utakaa kwa mdogo," nikasema.

"Kwa nini? Mke wako amekataa?"

"Hajakataa. Amekupikia toka asubuhi. Ila kuna mkataba."

"Mkataba gani?"

Nilitafuta neno fupi. "Wa soko."

Akanigeuzia uso. "Kwani mimi nimeuzwa?"

"Hapana, Mama," mdogo wangu akasema akiwasha gari. "Umepita bila ushuru."

Mama alicheka. Mimi nilitazama barabara.

Ndiyo desturi yetu sasa: kila Ijumaa, baada ya kazi, mimi mkubwa nakwenda na familia yangu kumwamkia Mama nyumbani kwa mdogo. Nabisha hodi kama mgeni. Mdogo wangu ameweka mapazia mazito mawili mawili, na mke wangu anasema macho yake ni ya mtu asiyelala. Nikimuuliza, anasema ni kelele za tramu, atazoea.

Ijumaa ya kwanza mdogo wangu alikuwa anapika maharage. Kabla ya Mama kufika nilikuwa nimeitoa javeli jikoni kwake nikaifungia kwenye kabati la bafuni, na mafuta nikayaweka kwenye chupa ya glasi, yenye umbo tofauti na chupa nyingine yoyote ya nyumba ile. Nilimwongoza Mama hadi mezani, nikamshikisha chupa, nikamweleza kwamba hapa hakuna tena kitu cha kuchanganya.

"Nipe mafuta, Mama," mdogo wangu akasema kutoka jikoni.

Mama alipapasa mezani, akaipata chupa, akaifungua kizibo. Akaipeleka puani, akavuta pumzi taratibu, akasubiri. Akavuta tena. Ndipo akampa.