Beseni Kwenye Mstari wa Kura

Mwaka ule nilipata kadi yangu ya kwanza ya kura, nikawa sishikiki. Mwalimu wetu wa uraia alisema siku ya uchaguzi kura ya mwanafunzi na kura ya waziri zina uzito mmoja. Maneno hayo niliyakimbiza mpaka nyumbani. Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mwalimu wako," akasema, "chisense hawamjui waziri."

Chisense ni dagaa wa ziwa letu la Mweru. Wanavuliwa usiku kwa taa, na kukicha wanawake wa kwetu Nchelenge wanawanunua ufukweni na kuwaanika mchangani papo hapo. Ukiwachelewesha kwenye beseni wanalainika, wananuka, na mwenye kununua anapita kama hakuoni. Kwa sababu hiyo Mama hakuwahi kupiga kura hata mara moja. Alisema hajali. Lakini kadi yake aliiweka ndani ya Biblia, na kila akifungua kusali aliipangusa kwa pembe ya chitenge.

Siku yenyewe samaki wakajaa, utafikiri wametumwa. Wanawake hawakushtuka, walikuwa na mpango. Kwenye pampu ya maji kwetu, ndoo yako ndiyo wewe: unaiweka mstarini, unakwenda kulima, na hakuna anayeiruka. Basi kabla ya jua wakapanga mabeseni matupu mbele ya mlango wa shule ya kupigia kura, kila moja na jiwe ndani upepo usilichukue. La kwetu nililipanga mimi mwenyewe, na niliona tuna akili kuliko serikali.

Tulipokuwa tumeanika nusu, nikaenda kutazama nafasi yetu. Mabeseni yote yalikuwa yamerundikwa ukutani, na watu wamesimama mstari mrefu mpaka barabarani.

"Dada," akaniambia msimamizi, "beseni halipigi kura. Lete mtu."

"Muulize kwanza kama limekuja na kitambulisho!" akapiga kelele mzee mmoja mstarini, na mstari mzima ukacheka. Nilicheka na mimi, lakini miguu ilikuwa tayari inarudi ziwani.

Mama aliposikia, aliangalia samaki waliobaki kwenye beseni, akaangalia jua.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nimezoea."

"Wewe uende, Mama. Mimi nianike."

"Na kura yako ya kwanza?"

Nilijua akikosa siku hii atarudisha kadi kwenye Biblia na kusema tena hajali.

Pale karibu alikuwa amekaa juu ya magunia yake mama mmoja Mkongomani, mnunuzi wetu wa siku zote, anayevuka ziwa kutoka ng'ambo. Akasimama, akakunja mikono ya blauzi.

"Mama, muende wote wawili. Miye siko na kura huku, niko mugeni. Lakini kuanika samaki nilijua mbele ya kujua kutembea."

Mama akasita. Kwetu mnunuzi hagusi samaki mbichi wa mtu. Akimgusa tu, bei imeanza.

"Na bei?" Mama akauliza.

"Bei tutapigana nyuma, mukirudi. Sasa niko mufukuza-kuku tu, wasikule samaki. Muende, bon!"

Mama akamsukumia beseni. Wanawake wengine kuona vile, nao: "Na la kwangu, mama!" "Na langu lile pale!" Yule mama akatazama ufukwe mzima uliojaa samaki, akashika kichwa.

"Ah! Sasa mumenifanya serikali!"

Tulisimama mstarini tunanuka ziwa. Nikamweleza Mama tena: alama moja tu, ndani ya kisanduku kimoja. "Nimekusikia tangu juzi, mwalimu," akanijibu. Akaingia mbele yangu. Mimi nikaingia, nikapiga kura, nikatoka, yeye bado yumo. Nikaanza kuogopa kwamba amekosea. Mwishowe akatoka polepole, kidole gumba cheusi kwa wino kimenyooshwa mbele kama kinamwongoza njia.

"Ulikawia nini, Mama?"

"Nilikuwa natazama. Miaka yote niko nje, na wewe unataka nitoke mbio?"

Ufukweni tulikuta samaki wameanikwa wote, waliotangulia wameshageuzwa, na yule mama anamtukana kuku mmoja mkaidi kwa Kifaransa. Alikishika kidole cha Mama, akakisugua kwa chake, rangi isitoke. Akacheka. Halafu wakakaa mchangani kupigana bei, kwa kelele, kama ilivyo haki yao, na Mama akapunguza kabla hajaombwa.

Jioni tulipokuwa tunakusanya samaki Mama akaniuliza, "Hii kura inarudi lini?"

"Baada ya miaka mitano, Mama."

Akasimama na beseni kiunoni.

"Mitano? Nani alipanga mbali hivyo?"